Mita 68 chini ya maji: ndege ya Sala na swali la abiria wa Kilindoni

UWANJA wa ndege wa Mafia uko pale pale Kilindoni. Watoto wanaocheza chandimu wanasikia injini kabla ya kuiona ndege, na mwenye mgeni anatoka nyumbani bila haraka akijua atamkuta. Ndege zenyewe nyingi ni Cessna Caravan: injini moja, pangaboi moja mbele, mabawa juu, abiria kumi na wawili hivi. Begi lako linapandishwa kwenye mizani, na siku nyingine na wewe unapanda. Ukikaa kiti cha mbele unamwona rubani anavyobonyeza vitufe vyake. Nusu saa na kidogo, uko Dar es Salaam.

Asiye na nauli ya ndege anapita Nyamisati, upande wa Kibiti, kwa boti au kivuko. Bahari ikiwa imechafuka, ni safari ya kuhadithia.

Kwa mtu wa soka hili lina uzito wake. Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, kwa hiyo timu ya kisiwani ikitaka kucheza na watu wa Kibaha, Mkuranga au Bagamoyo, lazima kwanza ivuke maji. Kijana wa Utende au Jibondo akiitwa majaribio Dar, mechi yake ya kwanza ni dhidi ya bahari. Shabiki wa Simba au Yanga anayetaka kuiona dabi kwa macho yake naye yumo humo humo. Anayetoka Mafia kufuata mpira anatoka kwa chombo kidogo, juu ya maji au ndani ya maji.

Ndiyo maana stori ya Emiliano Sala, ambayo kwa wengi ni habari ya Ulaya iliyopita zamani, inastahili kusomwa upya ukiwa umekaa kwenye benchi la abiria pale Kilindoni. Ndege iliyombeba straika huyo haijatolewa majini mpaka leo.

Safari ya kuaga

Januari 19, 2019 Cardiff City ilitangaza usajili mkubwa kuliko wote katika historia yake: Sala, Muargentina wa miaka 28, kutoka Nantes ya Ufaransa kwa pauni milioni 15. Cardiff ilikuwa inapigania kubaki Ligi Kuu England na ilikuwa na ukame wa mabao. Sala alikuwa ameshatupia 12 kwenye Ligue 1 msimu ule. Dili lilikuwa la kueleweka kabisa.

Alichotaka jamaa ni kitu kidogo tu, kurudi Nantes kuwaaga wenzake na kuchukua vitu vyake. Cardiff walisema baadaye kwamba walimpa ofa ya ndege ya kawaida ya abiria. Lakini ikapatikana njia nyingine, rahisi zaidi kwake. Wakala Willie McKay, ambaye alihusika kwenye dili hilo, aliwasiliana na mtu anayeitwa David Henderson, mpangaji wa safari za ndege binafsi. Henderson alikuwa mapumzikoni Paris na mkewe. Akampa kazi rubani mwingine, David Ibbotson, mwenye umri wa miaka 59.

Ndege ilikuwa Piper Malibu ya mwaka 1984, injini moja ya pistoni. Ilimpeleka Sala Nantes Jumamosi ile. Rubani mwenyewe hakuwa na amani nayo. BBC ilikuja kurusha sauti yake akimsimulia rafiki yake kwamba akiwa katikati ya bahari alisikia mshindo. Alisema kwa kawaida jaketi okozi lake huliweka katikati ya viti, lakini safari ya kurudi atalivaa kabisa.

Yaani rubani anajua, anajiandaa kwa kuvaa jaketi, kisha anawasha injini.

Jumatatu usiku, Januari 21, waliondoka Nantes. Kabla hawajapotea, Sala aliwatumia rafiki zake ujumbe wa sauti kwa WhatsApp. Alisikika amechoka. Akasema yuko ndani ya ndege inayoonekana kama inataka kukatika vipande. Akasema kama baada ya saa moja na nusu hawajasikia kitu kutoka kwake, hajui kama watatuma watu kumtafuta, kwa sababu hawatampata. Kisha akasema anaogopa.

Saa moja hivi baada ya kuruka, ndege ikatoweka kwenye rada, kaskazini mwa kisiwa cha Guernsey.

Mashabiki wakachanga

Alichokihofia ndicho kilichotokea. Helikopta na meli zilizunguka siku tatu, na Januari 24 utafutaji rasmi ukasitishwa kwa maelezo kwamba uwezekano wa mtu kuwa hai ni mdogo mno. Baridi ya maji ya Januari kule haifanani na maji ya Ghuba ya Chole. Mtu hadumu muda mrefu.

Hapo ndipo soka lilipofanya jambo la kuheshimika. Lionel Messi akaomba hadharani watu wasikate tamaa. Ukafunguliwa mchango mtandaoni, watu wa kawaida wakaweka chochote walichonacho, wachezaji kina Kylian Mbappé na Ilkay Gündogan nao wakaingia, na zaidi ya euro 300,000 zikapatikana. Familia ikamkodi David Mearns, bingwa wa kutafuta meli zilizozama, mtu aliyewahi kuipata meli ya kivita ya HMS Hood kwenye sakafu ya Atlantiki.

Mearns aliingia baharini Februari 3 asubuhi. Chombo chake kilishusha sona, mtambo unaotuma sauti chini na kusoma mwangwi unaorudi, kama mvuvi anavyotumia kipima kina kutafuta kundi la samaki, ila hiki kinachora picha. Haikuchukua hata nusu siku. Baada ya saa mbili hivi za kutafuta, kumbe ndege ilikuwa pale pale karibu na mahali ilipopotea, mita 68 chini. Roboti ya majini ikateremshwa, ikaonyesha ubavu wa ndege ukiwa na namba zake za usajili, na mwili mmoja ndani ya mabaki.

Mwili ulitolewa Februari 6, na siku iliyofuata ikathibitishwa ni Sala. Rubani Ibbotson hakupatikana kamwe. Wachunguzi wa Uingereza walijaribu kuiinua ndege, ikashindikana, hali ya hewa ikaharibika, wakaondoka. Baadaye wakaamua hawarudi tena. Injini ikabaki chini na bomba lake la moshi, kitu ambacho ndicho kilikuja kuonekana kuwa kiini cha mambo yote.

Jiko la mkaa chumbani

Ripoti ya wachunguzi ilitoka Machi 13, 2020. Damu ya Sala ilikutwa na kiwango cha asilimia 58 cha hewa ya kaboni monoksaidi. Ukivuka 50, kwa mtu mzima mwenye afya, hicho ni kifo kinabisha hodi. Hewa hii watu wa kwetu wanaifahamu bila kuijua jina. Ni ile inayoua familia iliyolala na jiko la mkaa ndani, mlango umefungwa. Haina harufu wala rangi. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, basi.

Kwenye ndege ndogo za pistoni kama ile, joto la kuwapasha abiria hupatikana kwa kupitisha hewa safi kando ya bomba la moshi. Bomba likiwa na ufa, moshi unaingia kwenye hewa mnayovuta. Wachunguzi walisema hilo ndilo linaloelekea kutokea, na kwamba rubani naye huenda alikuwa ameathirika. Akapoteza udhibiti wakati anakata kona kwa mkono, usiku, pengine akijaribu kukwepa mawingu. Ndege ikaenda kasi kuliko ilivyoundwa kustahimili, ikakatika vipande ikiwa bado angani. Sala alikuwa amesema itakatika.

Ndani ya ndege hapakuwa na kifaa cha kupiga kelele hewa hiyo ikizidi. Ni kijidude kidogo, bei yake haifikii hata mshahara wa saa chache wa straika wa England.

Lakini lililowauma zaidi watu wa mpira ni suala la leseni. Ibbotson alikuwa na leseni ya kurusha ndege binafsi. Hakuruhusiwa kubeba abiria wa kulipia. Hakuwa na sifa ya kurusha usiku. Kibali chake cha aina ile ya ndege kilikuwa kimekwisha muda tangu Novemba 2018. Mahakamani ikaja kusikika kwamba mmiliki wa ndege alishamwambia Henderson asimtumie tena rubani huyo. Novemba 2021 Henderson akahukumiwa kifungo cha miezi 18 kwa kuhatarisha usalama wa ndege na kujaribu kubeba abiria bila kibali.

Safari za namna hii zilikuwa za kawaida kwenye soka la Ulaya. Wakala anapiga simu, mtu anamjua mtu, mchezaji anapakiwa. Hakuna anayeuliza, kwa sababu dirisha linafungwa na kila mtu ana haraka.

Wakati Sala anazikwa Argentina, klabu mbili zilikuwa zimeanza kugombania mkwanja. Nantes ilidai euro milioni 17 zake. Cardiff ikasema usajili haukuwa umekamilika. Septemba 2019 FIFA iliamuru Cardiff ilipe awamu ya kwanza ya euro milioni 6. Cardiff ikaenda Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ikashindwa Agosti 2022. Cardiff wenyewe walishashuka daraja kitambo, mwisho wa msimu ule ule wa 2019. Baba yake Sala, mzee Horacio, alifariki kwa moyo miezi mitatu tu baada ya mwanaye. Nantes wakaistaafisha jezi namba 9. Uamuzi mzuri, ila ulikuwa wa klabu ile ile iliyokuwa inadai kwa wanasheria.

Jirani zetu Zambia

Afrika ilishalia kilio hiki kabla. Aprili 27, 1993 timu ya taifa ya Zambia ilikuwa njiani kwenda Senegal kwa mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Haikupanda ndege ya abiria. Ilipanda Buffalo ya jeshi la anga, kwa sababu ya ukata wa chama chao, na ndege hiyo ilibidi itue kuongeza mafuta njia nzima: Brazzaville, kisha Libreville. Muda mfupi baada ya kuruka Libreville usiku, ikaangukia Bahari ya Atlantiki. Watu wote 30 wakafa, wachezaji 18 kati yao, na kocha Godfrey Chitalu.

Uchunguzi wa Gabon ulieleza kwamba injini moja ilishika moto na rubani, aliyekuwa amechoka, akazima ile nzima. Kalusha Bwalya alinusurika kwa sababu alikuwa Uholanzi akichezea PSV, asafiri peke yake. Februari 2012 Chipolopolo walirudi Libreville hiyo hiyo, wakaweka maua ufukweni, kisha wakaifunga Ivory Coast kwa penalti 8-7 na kubeba Kombe la Mataifa ya Afrika. Kila shabiki anakumbuka penalti ile ya Stoppila Sunzu. Ukata uliowapandisha kwenye Buffalo unakumbukwa na wachache.

Kaitaba bila mechi

Kwetu Tanzania, uwanja wa mpira na ndege ndani ya ziwa vilikutana Bukoba.

Jumapili ya Novemba 6, 2022 asubuhi, ATR 42 ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilikuwa inajaribu kutua Bukoba kwenye hali mbaya ya hewa. Ikaangukia Ziwa Victoria, hatua chache kutoka njia ya kurukia. Ndani walikuwa watu 43. Picha iliyozunguka dunia ni ya mkia tu ukiwa juu ya maji na watu wamejaa mabegani mwa ziwa, wanavuta kamba.

Waliofika kwanza hawakuwa na sare. Walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, ndiye aliyetajwa kwamba aliuvunja mlango kwa kasia. Watu 24 wakatoka hai. Wengine 19 hawakutoka, marubani wote wawili wakiwemo. Majaliwa baadaye akachukuliwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na nchi nzima ikamfahamu.

Kesho yake, miili ikaletwa Uwanja wa Kaitaba. Huo ni uwanja wa Kagera Sugar, unaojulikana na kila anayefuatilia Ligi Kuu, uwanja ambao vigogo wa Kariakoo wameshaacha pointi zao. Siku ile majeneza yalipangwa na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaongoza kuaga. Watu wa Bukoba waliokaa pale kwa kawaida huenda kuangalia mabao.

ATR ile haikuachwa chini. Ilivutwa mpaka nchi kavu. Wachunguzi walikuwa na kitu cha kushika kwa mikono, tofauti na wale wa Sala.

Leteni boti

Mafia yenyewe ina habari yake ya ndege na maji, na ni ya zamani kuliko klabu zote za Ligi Kuu. Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilikuwa imejificha ndani ya delta ya Rufiji. Waingereza waliiteka Mafia Januari mwaka huo na wakasafisha kiwanja cha ndege kisiwani. Ndege zilikuwa za kitambaa. Kazi yake ilikuwa kuruka juu ya mikoko na kuwaambia wapiga mizinga wa meli za Severn na Mersey risasi zao zinaangukia wapi.

Julai 11, rubani John Cull na mwenzake Arnold walipigwa na mizinga ya Königsberg. Injini ikafa. Arnold akatuma ujumbe kwa simu ya upepo kwamba wamepigwa, waletewe boti. Huku wanashuka, akaendelea kuwarekebishia shabaha wapiga mizinga. Ndege ikaangukia mtoni, na boti ya Mersey ikaenda kuwatoa wote wawili wakiwa hai. Königsberg iliishia siku hiyo hiyo.

Tofauti ya Cull na Sala haikuwa ubora wa ndege. Ile ya Cull ilikuwa kama kite yenye injini. Tofauti ilikuwa kwamba kuna mtu aliyekuwa anaangalia angani, anajua wako wapi, na ana boti tayari.

Tukirudi kwenye Caravan ya leo, haki itendeke. Caravan si Malibu. Injini yake ni ya tabo, hewa ya kupasha joto haipitii kando ya bomba la moshi kwa namna ile, na anayeirusha kibiashara anatakiwa kuwa na cheti cha uendeshaji kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, na marubani wenye leseni ya biashara. Anayeogopa Caravan kwa sababu ya Sala anaogopa kitu ambacho sicho. Ndege ya Sala ilikuwa na mabawa mazima na injini iliyowaka. Kilichokosekana ni kibali, na mtu wa kukiuliza.

Na hapa viongozi wa klabu zetu wanahusika, kubwa na ndogo. Timu inapokodi chombo, kiwe cha angani au cha Nyamisati, karatasi hizo zipo na zinaombwa kabla ya malipo: cheti cha mwenye chombo, leseni ya rubani au nahodha, bima ya abiria, idadi wanayoruhusiwa kubeba. Boti ya wachezaji ishirini inatakiwa iwe na jaketi okozi ishirini, na ziwe zimevaliwa, siyo zimerundikwa chini ya turubai mbele. Meneja wa timu anayehesabu jezi mara tatu kabla ya safari anaweza kuhesabu na hizo.

Kijana anayeitwa majaribio hana nguvu ya kuuliza haya. Hata Sala, mchezaji wa pauni milioni 15, aliishia kuwaambia rafiki zake kwa simu. Anayeweza kuuliza ni yule anayelipa nauli.

Jioni Kilindoni, ndege ya mwisho ikishaondoka, wavuvi wanashusha ngalawa na mashua zao. Msimu wa papa potwe wengine wanabeba watalii. Mlango-bahari wa Mafia na delta ya Rufiji ndiyo njia ya ndege zinazokuja na kuondoka, na kwa saa nyingi za siku hao ndio watu pekee walioko kule chini wanaoweza kuinua macho na kuiona ndege inavyopita.